Shimano Tiagra 4700, meno 34 kwa 34: gia za kupanda Soni na kurudi pwani

Mji wa Tanga ni tambarare. Kutoka Ngamiani hadi Raskazone mtu anaweza kuendesha baiskeli ya gia moja maisha yake yote na asipungukiwe na kitu. Kwa hiyo gia za Tiagra 4700, seti ya kampuni ya Shimano ya baiskeli za resi, zisipimwe mjini. Pa kuzipimia ni barabara ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni, milima ya Usambara: kilomita 33 hivi za lami nyembamba, kona juu ya kona, zinazopanda karibu mita 1,000 mpaka mji ulio kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayetafuta baiskeli ya resi, mpya au ya mtumba, ya kupandia huko na kurudi nayo pwani, aanze kwa kuhesabu meno mbele na nyuma kabla hajaangalia fremu wala rangi.

Tiagra 4700 ilitoka mwaka 2015 na ina gia 10 nyuma. Seti inayozungumziwa hapa ina sahani za mbele za meno 50 na 34, na kaseti (fungu la gia za nyuma) ya HG500 yenye meno 11, 13, 15, 17, 19, 21, 23, 26, 30 na 34. Gia nyepesi kuliko zote basi ni 34 kwa 34: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, na kwa tairi la milimita 28 baiskeli inasogea mita 2.1 na ushee.

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayoamua. Chukua mwendeshaji wa kilo 75 kwenye baiskeli ya kilo 10, mwinuko wa asilimia 7, mwendo wa kilomita 9 kwa saa. Kazi hiyo inadai wati 160 hivi, gia iwe yoyote. Kwa 34 kwa 34 atazungusha pedeli mara 70 kwa dakika. Kwa 34 kwa 28 ni mara 58. Kwa 39 kwa 25, gia inayokutwa kwenye resi nyingi za zamani za mtumba, ni mara 45 tu, na hapo mzigo unahama kutoka kwenye pumzi kwenda kwenye magoti. Pumzi ikikatika, ukipunguza mwendo inarudi. Goti likianza kuuma katikati ya mlima halikusamehe siku hiyo.

Huko Mediterania milima ni ya aina mbili. Siena, mwisho wa mashindano ya Strade Bianche, kuna kichochoro cha Via Santa Caterina chenye mwinuko unaofika asilimia 16, lakini ni kifupi; ukisimama juu ya pedeli unakimaliza hata kwa meno 28. Mallorca kuna Sa Calobra, kilomita 9.5 kwa wastani wa asilimia 7 hivi, na pale kusimama hakusaidii. Mlima wa Soni ni ndugu wa huo wa pili. Ni zaidi ya saa nzima ya kukaa kitini na kuzungusha kwa utulivu, jua la Mombo likiwa mgongoni. Kwa kazi hiyo, 34 kwa 34 ndiyo gia sahihi, na kuichukua si dalili ya unyonge.

Sasa mtego wa ununuzi. Direla ya nyuma, yaani kile kifaa chenye vigurudumu viwili kinachohamisha cheni, inatoka kwa namna mbili. Yenye herufi SS ina mkono mfupi na mwisho wake ni meno 28. Yenye GS ina mkono wa kati na inabeba hadi 34. Kwa nje zinafanana, na muuzaji wa mtumba mara nyingi hazitofautishi. Pindua usome maandishi upande wa ndani. Kaseti ya 34 ikifungwa kwenye SS, kigurudumu cha juu kinakwaruza meno makubwa, na mkono unakosa urefu wa kumeza cheni iliyolegea. Tofauti ya mbele ni meno 16, ya nyuma 23, jumla 39. Hayo GS inayaweza.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani kabisa. Shifta za 4700, yaani vishikio vya kubadilishia gia kwenye usukani, zinavuta waya mrefu zaidi kwa kila mlio wa kubadili gia kuliko shifta za gia 10 za resi zilizotangulia. Ukiunganisha direla ya 4700 na shifta ya Tiagra 4600 au ya 105 ya 5700 (seti nyingine ya Shimano), hesabu ya gia ni ileile 10 lakini cheni haitakaa sawa: ukirekebisha gia za juu, za chini zinapiga kelele. Fundi anaweza kuhangaika nayo kutwa nzima bure. Shifta na direla vinunuliwe pamoja, kizazi kimoja.

Kufunga hakuhitaji mitambo. Cheni ipimwe kwa kuizungusha kwenye sahani kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, kisha ongeza pingili mbili na ukate hapo. Ikiwa fupi, siku utakapoweka kubwa kwa kubwa kwa bahati mbaya itang'oa direla. Baada ya hapo, kabla ya kufunga waya, rekebisha skrubu mbili za mipaka: H kwa gia ndogo, L kwa gia kubwa. Hii ya L ndiyo ya roho yako, kwa sababu ikilegea cheni inaruka nyuma ya meno 34 na kuingia kwenye spoku, na hilo hutokea mlimani unapokanyaga kwa nguvu zote. Halafu skrubu ya B, inayosogeza direla karibu au mbali na gia: weka cheni kwenye 34 na uache nafasi ya milimita 5 hadi 6 kati ya kigurudumu cha juu na meno. Waya ufungwe mwisho, cheni ikiwa kwenye 11, na kirekebisho cha waya kizungushwe robo robo mpaka kila mlio ulete gia moja bila kusita.

Kuna jambo la basi. Wengi hupeleka baiskeli Mombo ikiwa ndani ya buti, chini ya magunia. Sikio la fremu linaloshika direla ni laini kwa makusudi ili lipinde lenyewe badala ya fremu, na likipinda milimita chache tu, gia ya 34 inakuwa hatari kwa namna ileile ya skrubu ya L. Weka cheni kwenye gia kubwa ya nyuma ili direla iingie ndani, laza baiskeli kwa ubavu wa kushoto, na ukifika Mombo tazama kutoka nyuma kama vigurudumu viwili vya direla viko kwenye mstari mmoja na gia. Bora zaidi, fungua direla kwa elenki ya milimita 5 na uining'inize kwa kamba ndani ya pembetatu ya fremu.

Udhaifu wa kweli wa seti hii uko ndani ya shifta. Waya wa gia unapita chini ya tepu ya usukani, na kwenye kichwa chake una kona kali. Nyuzi zake huanza kukatika moja moja bila kuonekana. Dalili ni kwamba gia za nyuma zinaanza kukataa, unarekebisha, kesho zinakataa tena. Usiendelee kurekebisha. Vuta mpira wa shifta, sukuma waya nje utazame kichwa. Ukiacha ukakatikia ndani, kichwa kinabaki kimenasa na nyuzi zinaingia kwenye mitambo. Kukitoa ni kazi ya saa kadhaa kwa kibano chembamba. Waya mpya ni bei ndogo mno ukilinganisha na shifta.

Kwenye tambarare gia hizi zinadai uvumilivu. Kaseti haina meno 16 wala 18. Ukiwa kwenye 50 mbele na mizunguko 90 kwa dakika, 19 inakupa kilomita 30 kwa saa, 17 inakupa 34, na 15 inakupa 38. Kusi likivuma na wewe unaelekea Tongoni, utajikuta gia moja ni nzito mno na inayofuata ni nyepesi mno. Anayeishia Amboni na Tongoni, bila kukanyaga Usambara, achukue kaseti yenye meno yaliyokaribiana zaidi, isiyozidi 28, na direla ya SS. Atafurahi zaidi.

Kushuka ni habari ya breki. Za seti hii, zile za kubana rimu, zinatosha kwa mteremko wa Lushoto ukizitumia vizuri: bana kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, usiziburuze kuanzia Soni hadi Mombo. Rimu iwe ya aluminiamu. Ya kaboni na breki za namna hii kwenye mteremko mrefu ni kujitakia joto. Mvua ikinyesha, mchanga hunasa kwenye mipira ya breki na kusaga rimu, kwa hiyo ikwangue mipira ukifika chini. Na kaa upande wako: malori ya mboga hujaza kona zile.

Pwani adui ni chumvi. Cheni ikae na oili tone moja kwa kila pingili, ifutwe nje ikauke, kwa sababu oili iliyobaki nje hukusanya vumbi jekundu na kuwa msasa. Uchakavu upime kwa rula: cheni mpya, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, ni milimita 304.8. Ikifika 307 ibadilishe kabla haijala kaseti. Cheni za gia 10 zinapatikana kwa bei nafuu kuliko za 11 na 12, na marekebisho yote hapo juu ni ya waya na skrubu, kwa hiyo fundi yeyote makini wa baiskeli anayeyajua maelezo haya atazimudu. Kwa safari ya Lushoto beba kiungo cha cheni cha gia 10, waya mmoja wa gia, elenki za milimita 4 na 5, na tyubu mbili: mbigiri na vijiwaya vya matairi ya malori yaliyopasuka havitoboi mara moja tu.