GPS ya 180,000 na namba za 25,000 kwenye Toyota IST yangu

Vioo vya pembeni vya gari langu viliondoka Machi, saa nne asubuhi, kweupe. Niliegesha Kariakoo, karibu na mtaa wa Sikukuu, nikaingia dukani kununua maboksi ya keki. Sikumaliza dakika ishirini. Narudi, gari lipo, milango imefungwa, ila saiti mira zote mbili zimebaki magamba, waya unaning'inia upande wa dereva. Muuza maji aliyeketi hatua tano tu hakuona kitu. Kijana mmoja akanishauri kwa huruma kabisa: "Mama, wahi kwenye spea, utavikuta bado vya moto."

Sikwenda. Nilikuwa na keki ya sendoff ya kufikisha saa nane, na ukishazoea kuwahi vitu vya moto, ipo siku utabeba vya mwenzio. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na haraka yako haitakuwa utetezi. Nilirudi Sinza nikigeuza shingo kama kuku kila nilipotaka kubadili njia. Kesho yake nikanunua seti nyingine kwa 110,000 kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na jioni ile ile nikaanza kutafuta fundi wa kunifungia ulinzi. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, maana nilichoibiwa ni vioo, nilichokimbilia ni GPS, kifaa cha kufuatilia gari liko wapi.

Fundi nilipewa na mteja wangu. Alikuja nyumbani Jumapili na begi lake, kijana msafi, mpole. Kazi ya mikono namsifu bila kinyongo. Hakukata waya hovyo, kila kiungo alikichomea kwa risasi na kukizungushia utepe mweusi wa kitambaa kama ule wa kiwandani, kifaa akakificha mahali ambapo hata mimi ningehitaji nusu saa na bisibisi kukifikia. Wengi hukibandika chini ya usukani, pale mwizi anapoanzia kupapasa. Alitumia saa moja na nusu, bei 180,000 pamoja na relei, swichi ndogo ya umeme ya kuzimia gari kwa simu.

Tulikwaruzana kwenye laini. Kifaa kina mambo mawili ndani: kinapokea ishara za setilaiti kujua kilipo, halafu laini ya simu ndiyo inayokutumia taarifa. Bila laini, kinajua kilipo lakini kinajiambia chenyewe. Fundi alikuja na laini yake tayari, imesajiliwa kwa jina la mtu nisiyemjua. Nikamwambia sitaki. Alikuwa ananiita dada tangu asubuhi. Tulipofika hapo nikawa mama. "Mama, wateja wote tunawafungia hizi hizi." Nikamuuliza, siku laini ikifungwa naenda kuirudisha kwa kidole cha nani? Akacheka, akakubali kusubiri. Nikaenda kwa wakala, nikasajili mpya kwa kitambulisho changu cha NIDA na alama zangu za vidole. Nikapiga na *106# kuhakikisha imeingia kwenye orodha ya namba zangu.

Jambo la pili nililigundua siku tatu baadaye, tena si mimi, ni mtoto wa dada yangu. Namba ya siri ya kifaa ilikuwa bado 123456, ile ya kiwandani. Vifaa vingi vya bei hii hutoka hivyo. Maana yake aliyejua namba ya laini ya kifaa angeweza kutuma ujumbe mfupi mmoja na kujua nimepeleka keki wapi, au kunizimia gari Ubungo kwenye foleni. Fundi alipaswa kuibadilisha mbele yangu. Kwenye nyota tano nampa nne, na hiyo moja imeondokea hapa.

Kuhusu kuzima gari, naomba msikilize hili hata kama mengine mtayaruka. Relei inaweza kufungwa ikate umeme wa pampu ya mafuta, au izuie stata tu, yaani mota inayowashia injini. Inayokata pampu inaonekana tamu unapoiwaza: mwizi yuko barabarani, unabonyeza, gari linafia mbele yake. Lakini injini ikizimika gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na breki nazo baada ya kukanyaga mara chache zinakuwa ngumu kama jiwe. Huyo mwizi anaweza kumaliza safari yake kwenye kibanda cha mama ntilie. Na amri ikienda kwa makosa, aliyeko ndani ni wewe na wanao. Mimi nilichagua stata. Gari likishazimwa haliwaki tena mpaka niruhusu. Fundi alinionyesha palepale uani: nikatuma ujumbe, nikazungusha ufunguo, kimya. Nikatuma wa kuruhusu, likaunguruma. Usilipe kabla ya kuona jaribio hilo kwa macho yako.

Sasa miezi tisa ya kuishi nacho. Ramani iko sawa nikiwa nje. Nikiingia maegesho ya chini ya ghorofa inabaki inaonyesha geti nililopitia, kwa sababu ishara za setilaiti hazipenyi zege. Mwezi wa Julai nilisahau kuweka bando, simu ikanionyesha gari liko Kimara siku mbili nzima wakati nimeliegemea nikimenya mahindi ya kuchoma. Na Desemba tulipanda Moshi kula Krismasi, gari likabaki wiki tatu. Tuliporudi betri ilikuwa imekufa. Kifaa hunyonya umeme kidogo usiku na mchana, na betri yangu ilikuwa ya siku nyingi, vikaungana. Siku hizi nikisafiri nawaachia majirani ufunguo, waliwashe na kulizungusha mtaani mara moja kwa wiki.

Alamu niliifunga pia, ya 70,000, sina mengi ya kusema. Inalia mvua ikinyesha, inalia bajaji ikipita, na uani kwetu hakuna anayeinua kichwa kutoka kwenye mto. Nimeipunguza ukali mpaka sasa nadhani hata nikiipiga teke hainijibu.

Kufuli la usukani, lile jekundu la chuma, nililipenda kwa sababu linaonekana kwa nje. Mwizi mvivu ataangalia gari la pili. Lakini la kwangu la 40,000 lilianza kugoma ndani ya miezi minne, ufunguo unaingia hauzunguki. Lilinigomea Jumamosi ya harusi, keki ya ngazi tatu iko siti ya nyuma, jua la saa saba, siagi inaanza kutoa jasho. Nililia. Jirani akaja na mafuta ya cherehani, likafunguka. Tangu hapo nalitumia usiku tu.

Nirudi kwenye vioo, maana ndivyo vilivyonitoa nyumbani. Fundi alipomaliza GPS nilimuuliza, "Na hivi vioo?" Akasema hivyo ni kazi ya mtu mwingine, akampigia rafiki yake. Akaja mzee mmoja na kidrili kidogo na boksi la ribiti, vile vipini vya chuma vya kubania. Kwa 25,000 alichora namba ya gari kwenye vioo vyote viwili, kwenye taa za mbele na za nyuma, na kwenye kila kioo cha mlango, halafu akapiga ribiti mbili kila saiti mira ili kioo kisichomoke kwa bisibisi. Namba haikuwa nzuri, herufi ya mwisho imepinda kama mkia wa mjusi. Mume wangu alikasirika, akasema nimelishusha gari bei. Kweli, atakayelinunua atalalamika. Ila kioo chenye namba ya mtu ni kigumu kuuzika, na chenye ribiti kinavunjika mkononi kabla hakijatoka.

Oktoba usiku, vibaka waliruka ukuta. Uani tuna IST mbili, yangu ya fedha na ya jirani ya bluu. Asubuhi ya jirani haina kioo hata kimoja na swichi za pawa windo zimeng'olewa mlangoni. Yangu ilikuwa na mkwaruzo pembeni ya saiti mira ya kushoto, basi. GPS haikusema neno, na sikuilaumu, gari halikusogea hata sentimita. Siwezi kuapa kwamba ni namba ndizo zilizoniokoa. Huenda walianza kwa jirani wakakurupushwa na mbwa. Jirani ana bima ya thedi pati, ambayo kwa wizi wa gari lake mwenyewe hailipi kitu. Mimi nina bima kubwa, na nilipoisoma vizuri baada ya tukio nikakuta vipuri vilivyoibwa peke yake, gari likiwa limebaki, vina masharti yake. Soma ukurasa huo kabla hujatia sahihi, mimi niliuruka.

Swichi za pawa windo bado zinaninyima usingizi, maana hazina pa kuchorwa. Mzee wa ribiti anasema anaweza kuzifunga kwa skrubu za ndani ambazo bila kutoa pambo lote la mlango huzifikii. Atakuja Jumamosi hii, saa tatu, kwangu na kwa jirani kwa pamoja. Ametupunguzia elfu tano kila mmoja, na jirani ameniambia nimwandalie mzee keki ndogo ili asije akapindisha na skrubu.