Redio ndogo za mfukoni: uzoefu wangu na hizi ninazozitumia kila siku

Redio ya mfukoni naipima kwa jambo moja kabla ya mengine yote: je, naweza kuiwasha, kuongeza sauti na kurudi kwenye stesheni yangu bila kuitazama? Mimi ni msikilizaji wa kila siku. Asubuhi taarifa ya habari, mchana vipindi vya mazungumzo huku mikono ina kazi, jioni mechi, usiku chochote kinachoendelea mpaka usingizi unapofika. Simu ninayo, na stesheni nyingi zinapatikana humo kupitia intaneti, lakini simu inakula bando, inakula chaji, na ikiita katikati ya habari basi habari imekatika. Simu nyingi siku hizi hata FM yenyewe hazina. Kwa hiyo nimekuwa nikinunua redio za bei nafuu, moja baada ya nyingine, na kila moja nimeishi nayo vya kutosha kuijua tabia yake.

Ninayoishika mara nyingi zaidi ni Sony ICF-P26. Ni ya kusimama wima, ina spika kwa mbele, antena ya kuvuta na mshale unaotembea kwenye namba za masafa. Haina kioo, haina kumbukumbu ya stesheni, haina saa. Inatumia betri moja tu ya AA. Kuna kitaa chekundu kinachowaka stesheni inapokaa sawasawa, basi. Uzuri wake ni kwamba mshale unabaki pale ulipouacha. Mtu anayesikiliza stesheni moja au mbili hahitaji zaidi ya hapo: anaiwasha, na sauti ya mtangazaji iko palepale alipomwacha jana. Spika yake ni ndogo, muziki hauna besi, lakini maneno yanatoka safi, na kwenye redio ya mfukoni maneno ndiyo kila kitu. Nimewahi kumpa mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri, akaizoea siku hiyohiyo kwa kupapasa. Redio yenye vitufe kumi na tano isingemfaa hata kidogo.

Panasonic RF-P50 ni wa ukoo huohuo, ila yenyewe inataka betri mbili za AA. Aliyezoea moja hapotei kwenye nyingine.

Udhaifu wa redio hizi za mshale unatokana na nafasi. FM inaanzia megahezi 87.5 hadi 108, yaani upana wa megahezi 20.5. Tuseme mstari wa namba kwenye redio ndogo una urefu wa sentimita 5. Hapo kila milimita moja inabeba megahezi 0.4 hivi. Mahali ambapo stesheni zimebanana, ndani ya milimita moja zinaweza kukaa mbili, na kidole kikitetereka kidogo umehama kutoka kwenye habari ukaangukia kwenye muziki wa jirani. Ukiiweka mfukoni gurudumu likasuguana na kitambaa, stesheni inahama vilevile. Ndiyo maana redio ya mshale naiona ni ya mezani, dirishani na kando ya kitanda kuliko ya kutembea nayo, ingawa mfukoni inaenea.

Kwa kutembea nachukua Sangean DT-400W. Hii ni ya namba: ina kioo, inahifadhi stesheni 19, na ina swichi ya kufunga vitufe ili mfuko usikubadilishie stesheni. Hiyo swichi ndiyo inayonifanya niipende. Naifunga, naitia mfukoni, nazunguka nayo saa nzima na stesheni iko palepale. Inatumia betri mbili za AA. Ina spika yake pia, na hapa inafaa kuwa mwangalifu unapolinganisha na zingine: haina antena ya kuvuta, waya wa hedifoni ndio antena yake ya FM. Kwa hiyo hata ukitaka kusikiliza FM kwa spika, ule waya lazima uwe umechomekwa na umenyooka. Ukiuzungushia redio kama kamba, mapokezi yanaanguka. Mimi nauacha ushuke kwenye mwili wote, na hapo inashika vizuri kuliko nilivyotarajia kwa umbo lake. Ile herufi W inahusu masafa ya taarifa za hali ya hewa yanayotumika Marekani na Kanada, kwenye megahezi 162 na kitu. Nje ya huko masafa hayo hayana kazi. Pia inajizima yenyewe baada ya dakika 90 isipokuwa ukiiambia isifanye hivyo, na kwa mtu anayelala redio ikiongea, hilo limeokoa betri nyingi.

Nikiwa bado kwenye redio za namba, kuna kitu ambacho maelezo ya wauzaji hukipita haraka. Kwenye masafa ya kati, yaani MW au AM, Afrika, Ulaya na Asia zinapanga stesheni kwa hatua za kilohezi 9, na mabara ya Amerika kwa hatua za 10. Redio ya namba iliyofungwa kwenye hatua za 10 haiwezi kusimama kwenye 1377. Itakupeleka 1370 au 1380, nawe utasikia sauti iliyokwaruza na kupinda. Uliza kama hatua inabadilishwa, na uoneshwe inabadilishwaje. Redio ya mshale haina tatizo hili, kwa sababu mshale unasimama popote.

XHDATA D-219 ilinivutia kwa sababu inachanganya mambo mawili. Kwa nje ni redio ya mshale, yenye antena ya kuvuta na gurudumu. Kwa ndani kuna chipu inayochakata mawimbi kwa hesabu, ambayo wengi huiita DSP. Katika redio ya zamani, wimbi lililonaswa hubadilishwa kwanza kuwa masafa mamoja ya ndani ya kifaa, aghalabu kilohezi 455 kwa AM, kisha likachujwa na vipande vya umeme vilivyorekebishwa kiwandani kimoja kimoja. Joto likipanda au betri ikishuka, vipande hivyo huhama kidogo na stesheni hutambaa. Chipu haihami. Faida hiyo unaisikia mara moja kwenye masafa mafupi, SW, ambako redio ya bei nafuu ya zamani ilikuwa kazi ya kurekebisha kila baada ya dakika chache. Tofauti nyingine iko kwenye kuzungusha: stesheni haiji polepole kutoka kwenye mvumo, inaingia kwa mkupuo na kutoka kwa mkupuo. Wapo wanaoukosa ule mvumo. Mimi siukosi. Betri zake ni mbili za AA, na kwa anayetaka kuonja SW bila kutumia fedha nyingi, hii ndiyo ningempa aanzie.

Kuhusu SW yenyewe, usiihukumu redio kwa mchana mmoja. Mawimbi haya hufika mbali kwa kudunda kwenye tabaka la juu la angahewa, na tabaka hilo hubadilika kati ya mchana na usiku. Usiku tafuta chini, kwenye megahezi 5.9 hadi 6.2 au karibu na 7.3, jioni megahezi 9.4 hadi 9.9 huwa zimejaa. Mchana panda kwenye 15 na kitu. Mtu anayewasha saa saba mchana kwenye megahezi 6 akakuta kimya, kisha akasema redio ni mbovu, ameionea.

Kwa anayetaka kwenda ndani zaidi ipo Tecsun PL-310ET. Mfukoni inaingia kama mfuko ni wa koti. Kwenye suruali inabana. Inatumia betri tatu za AA. Kioo chake kinaonesha nguvu ya mawimbi na kiasi cha kelele kwa namba, kwa hiyo unapoisogeza redio sentimita kumi kuelekea dirishani unaona kwa macho umepata nini. Ina kitu wanachokiita ETM: unabonyeza, redio inatembea masafa yote peke yake, inakusanya stesheni zilizopo wakati huo, na unazipitia kwa gurudumu. Ulizozihifadhi mwenyewe hazifutiki. Upana wa kusikiliza AM unaubadilisha kutoka kilohezi 6 hadi 1. Ukiubana, sauti inakuwa nzito lakini stesheni ya jirani inayoingilia inanyamaza. Naipenda sana redio hii. Pamoja na hayo, asubuhi nikiwa na haraka siishiki, kwa sababu inanitaka niitazame, nami asubuhi nataka kusikia tu.

Kuna ya sita, ambayo sitaitaja kwa jina, ile aina inayouzwa kama redio, kicheza muziki na kinasa sauti kwa pamoja. Ina tundu la memori kadi, vitufe vya namba, na betri bapa ya kuchaji inayofanana na ya simu za zamani. Spika yake inashinda zote kwa muziki, hilo nalikubali. Tatizo ni matumizi ya kila siku. Ukiizima kwenye muziki, inawaka kwenye muziki, na kurudi redio kunataka kubonyeza mara kadhaa huku unakitazama kioo. Ukiichaji huku unasikiliza MW, chaja inamwaga mvumo unaofunika stesheni yote. Na betri ilipoanza kuchoka haikunipa onyo: redio ilizima katikati ya mechi, nami sikuwa na cha kufanya ila kusubiri chaji.

Hapo ndipo ninapoithamini AA. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1 ya mwaka 1954, ilitumia betri maalumu ya volti 22.5, bila betri ileile ulikuwa na kisanduku kisicho na sauti. Redio ndogo nyingi za leo zinatosheka na volti 1.5 au 3, kutoka kwenye betri ile ile iliyomo kwenye rimoti na saa ya ukutani. Nyingi hula miliampia 20 hadi 30 hivi kwa sauti ya wastani. Betri nzuri ya kuchaji ya ukubwa wa AA ina mAh 2,000 hivi, yaani inaweza kutoa miliampia 2,000 kwa saa moja, kwa hiyo hesabu inakupa saa sabini hadi mia. Betri hizo zina volti 1.2 badala ya 1.5, lakini redio zangu zote zinazipokea bila kinyongo. Za alkalini zina hatari yake: ukizisahau ndani ya redio isiyotumika huvuja, na ule ute hula vyuma vya kushikia betri. Redio inayokwenda kabatini, toa betri kwanza.

MW nayo inastahili kutendewa haki, maana watu huiacha wakidhani redio yao haiwezi. Ukivuta antena hadi mwisho hakuna kinachobadilika, kwa sababu ile ni ya FM na SW. Antena ya MW ni kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, kimelala ndani ya redio. Kijiti hicho kinasikia vizuri kwa ubavu na vibaya kwa ncha. Izungushe redio yenyewe, polepole, kama vile unageuza uso kumfuata mtu anayekuita. Kuna upande stesheni itapanda na upande itazama kabisa. Ujanja huo unafaa pia kwa kelele. Taa za LED, chaja za simu na runinga hutoa mvumo kwenye MW, nawe unaweza kuielekeza ncha ya kijiti kwenye chanzo cha mvumo mpaka kikafifia. Redio ndogo ina kijiti kifupi, kwa hiyo usitegemee makubwa, lakini tofauti kati ya redio iliyogeuzwa vizuri na iliyoachwa ovyo ni kubwa kuliko tofauti kati ya chapa hizi zote nilizozitaja.

Ukipata nafasi ya kuijaribu redio kabla ya kulipa, usiijaribu kwenye stesheni yenye nguvu; hiyo inashikwa na redio yoyote. Nenda kwenye ile dhaifu unayoipenda, sikiliza maneno, si muziki. Ongeza sauti mpaka mwisho uone kama spika inakoroma. Kisha ishushe hadi chini kabisa. Redio nyingi za bei nafuu zinaruka kutoka kimya hadi sauti ya kati bila kupita kwenye ndogo, na hilo hutalijua mpaka usiku wa kwanza. Kama sauti yake ya chini kabisa bado inaweza kumwamsha aliyelala kando yako, irudishe mezani na uombe uoneshwe nyingine.