Pampu ya kupimia presha ya rejeta, kwa jenereta ya dizeli inayopoteza maji bila kuonyesha tone

Hii seti nimeshaitumia vya kutosha naweza kuisemea. Ni ile pampu ya mkono yenye geji, mpira wake na adapta za mifuniko ya saizi tofauti, pamoja na kichupa cha dawa ya bluu ya kupimia kama moshi wa injini unaingia kwenye maji. Mi naitumia kwa jenereta za dizeli tu, hasa zile ambazo mwenyewe anakwambia anaongeza kulanti (maji ya kupoozea injini) kila mara ila chini pakavu kabisa.

Na hapo ndo pampu inajilipa. Mafundi wengi wakisikia maji yanapotea wanakimbilia kusema gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua, injini inafumuliwa, kumbe ni klempu ya mpira wa chini imelegea au wota pampu inavujisha kwenye kile kitundu chake cha chini, na kwa vile injini ni ya moto matone yanakaukia hapohapo kwenye bloku yanaacha alama nyeupe au ya kijani tu, sakafuni huoni kitu. Ukiwa na pampu unasubiri injini ipoe kabisa (ya moto usiguse mfuniko, tafadhali), unafunga adapta, unapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wa rejeta, nyingi zinaangukia kati ya 7 na 15 psi (kipimo cha presha), usizidishe maana rejeta iliyochoka utaipasua mwenyewe, halafu unaacha kama dakika 15 huku unamulika tochi kila kona. Klempu zingine zinavuja zikiwa baridi tu, injini ikipata moto kila kitu kinatanuka zinaziba, hizo bila pampu utazitafuta sana.

Mshale wa geji ukishuka na nje hakuna unyevu, maji yanaingia ndani. Hapa napenda kuiacha na presha usiku kucha, asubuhi kabla ya kugusa stata nalegeza nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) polepole. Maji ni mazito kuliko oili kwa hiyo yamelala chini, yakitangulia kutoka basi shida iko kwenye oringi za laina (raba zinazoziba kuzunguka silinda), au kifaa cha kupoozea oili, au ufa mahali. Kile kifaa cha kupoozea oili kinachanganya sana watu, maana injini ikitembea presha ya oili iko juu kuliko ya maji, oili ndo inaingia kwenye rejeta, ukizima na maji bado yana presha yanarudi upande wa oili. Kwa hiyo ukiona utando wa oili kwenye rejeta usiseme tu ni hedi.

Na jamani, kama mshale umeshuka usipige stata hivihivi. Maji yakiwa yamejaa kwenye silinda hayakandamiziki, pistoni ikipanda inapinda konrodi (mkono unaoshika pistoni). Toa nozeli (zile za kupulizia dizeli) kwanza, zungusha injini kwa mkono uone kama yanaruka.

Kingine nilichopenda, inapima na mfuniko wenyewe. Mfuniko uliochoka haushiki presha, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji bila presha inachemka kwenye nyuzi 107 hivi, wakati kwa 15 psi inapita 125, so mfuniko mbovu peke yake unaweza kuwa unamwaga maji kwenye mpira wa ovafloo kila jenereta ikibeba mzigo.

Sasa kasoro. Dawa ya bluu kwa dizeli ina uvivu. Inageuka rangi ikikutana na kaboni dayoksaidi, na dizeli ikiwa sailensa, yaani inaunguruma tu bila mzigo, inavuta hewa nyingi kuliko inayoihitaji, hiyo gesi inakuwa kidogo, utaona bluu ukafikiri hedi ni nzima. Weka mzigo kwenye jenereta kwanza, na ukiona inaelekea kijani hata kama haijawa njano ichukulie kwa uzito. Punguza maji kidogo shingoni mwa rejeta pia, dawa ikiingiwa na kulanti imeharibika. Pampu nayo ina mpaka wake, ufa mdogo wa hedi unaweza kushika 15 psi vizuri tu halafu ukaachia injini inapowaka kwa sababu presha ya ndani ya silinda ni kubwa mno kuliko hiyo, kwa hiyo mshale kusimama hakuthibitishi moja kwa moja kuwa gasketi ni nzima.

Raba za adapta ni nyepesi, zikikatika zinavujisha hewa na utailaumu injini bure, nyunyizia maji ya sabuni pale kwenye maungio kabla hujaamini geji. Adapta zenyewe ni za saizi za magari, kwa hiyo kama jenereta yako ni kubwa pima shingo ya rejeta kwanza ndo uagize.