Wiki Moja Melini Kati ya Adriatiki na Aegea: Yaliyokwenda Mrama Yalianzia Nchi Kavu

Meli yenyewe sina ugomvi nayo. Naanza na kauli hiyo kwa sababu abiria wengi wa meli za kitalii huwalaumu wahudumu kwa mambo ambayo wao wenyewe wangeweza kuyazuia wiki kadhaa kabla ya kupanda. Mwezi wa Julai tulisafiri watu watatu, yaani mimi, mume wangu na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71, kwa muda wa siku nane, katika meli iliyobeba abiria zaidi ya 2,000. Tulianzia Italia, tukashuka Bahari ya Adriatiki hadi Ugiriki, kisha tukarudi kwa kupitia Montenegro. Chumba kilisafishwa asubuhi na jioni, chakula kilikuwa kizuri na cha aina nyingi, na mhudumu wetu wa mezani alimkumbuka mama kwa jina tangu siku ya pili hadi ya mwisho. Karibu kila kilichotukera kilitokana na namna tulivyoipanga safari yetu, na kampuni nayo ina sehemu yake ya lawama, ambayo nitaieleza mahali pake.

Lawama hiyo inahusu jina la bandari. Tangazo liliandikwa Venice kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi zinazohitaji miwani, likaandikwa Ravenna. Tangu tarehe 1 Agosti 2021, serikali ya Italia imezipiga marufuku meli kubwa kupita mbele ya Uwanja wa Mtakatifu Marko na katika mfereji wa Giudecca, na ndiyo maana safari nyingi zinazouzwa kwa jina la Venice huanzia bandari nyingine. Ravenna iko umbali wa takriban kilomita 140 kwa barabara. Sisi tuliligundua jambo hilo usiku wa kuamkia safari, tukiwa tayari hotelini Venice, mume wangu alipofungua tiketi ili aangalie saa ya kupanda. Kilichotuokoa ni kwamba tulikuwa tumewasili siku moja kabla, hivyo tulipata usafiri alfajiri na kufika mapema. Katika foleni ya ukaguzi tulizungumza na familia iliyotua Venice asubuhi ileile. Nusu ya jamaa zao walikuwa bado njiani, na meli hufunga orodha ya abiria saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga. Sikujua jioni ile kama walifika.

Desturi hii ya majina si ya Venice peke yake. Bandari inayouzwa kama Roma ni Civitavecchia, iliyo zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini. Inayouzwa kama Florence mara nyingi ni Livorno. Na inayouzwa kama Paris ni Le Havre, ambako anayepewa muda wa saa nane na akataka kuiona Paris atatumia zaidi ya nusu ya muda wake barabarani. Kabla ya kulipia, ni vyema kuitafuta kila bandari kwenye ramani kwa jina lake halisi, kupima umbali wake hadi mahali unapotaka kufika, kisha kutoa muda huo katika saa ambazo meli itakuwa gatini. Kinachobaki ndicho kituo ulichonunua.

Kuhusu nyaraka tulikuwa makini zaidi, kwa bahati ya kuwa na wakala wa usafiri aliyetuuliza mapema. Italia na Ugiriki zimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, lakini Montenegro haimo, kwa hiyo abiria anayehitaji viza hutoka katika eneo hilo na kuingia tena ndani ya safari moja. Kampuni nyingi hudai viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na asiyekuwa nayo anaweza kuzuiwa kupanda hata kama amelipa kila kitu. Aidha, kampuni nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai baada ya safari kwisha.

Sasa nije kwenye chumba, ambapo tulikosea zaidi. Tulichagua chumba cha bei ya chini kabisa, cha aina ambayo kampuni ndiyo inayokupangia namba baadaye. Tulidhani kwamba chumba ni mahali pa kulala tu. Tukapewa chumba cha juu, karibu na omo, yaani mbele ya meli, moja kwa moja chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea. Kila siku kabla ya mapambazuko tulisikia juu ya dari miguu ya viti vya kuotea jua ikiburuzwa, kiti baada ya kiti, kwa karibu nusu saa, kwa kuwa ndio wakati ambao wafanyakazi huosha sakafu na kuvipanga upya. Hawakufanya kosa lolote, walikuwa kazini. Lakini bahari ilipochafuka, chumba kile kilikuwa na ubaya mkubwa zaidi. Meli inapopanda na kushuka kwenye mawimbi, tezi (nyuma ya meli) na omo ndizo zinazosafiri mbali zaidi, na inapolala ubavu huu na ule, sitaha za juu ndizo zinazoyumba zaidi. Meli za siku hizi zina mapezi ya chini ya maji yanayopunguza mrama, yaani kule kulala ubavu huu na ule, lakini hayawezi kuzuia kupanda na kushuka kwa omo. Mama alilala chali kutwa nzima akiwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja.

Anayejijua kuwa hupatwa na kichefuchefu baharini achague chumba cha katikati ya meli, katika sitaha za chini, hata kama ni kidogo na hakina roshani. Ramani za sitaha hutolewa wazi na kampuni zote, na zinafaa kusomwa kwa kuangalia kilicho juu ya chumba na kilicho chini yake, wala si kilicho ubavuni pekee. Chumba kizuri ni kile kilichobanwa kati ya sitaha mbili za vyumba vingine. Kinachokaa chini ya jiko, ukumbi wa muziki au bwawa hakitakupa usingizi, na baadhi ya vyumba vyenye dirisha hutazama ubavu wa mashua ya kuokolea badala ya bahari, jambo ambalo huandikwa katika maelezo lakini huandikwa kwa ufupi sana.

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, ilitufundisha jambo la pili. Meli kubwa hutia nanga katikati ya maji ya kisiwa hicho, na abiria hushushwa kwa mashua ndogo hadi bandari ya zamani iliyo chini ya mji wa Fira. Kutoka hapo kuna njia tatu za kupanda jabali: gari la kamba, wanyama wa kupandwa, au ngazi zaidi ya 500. Kwenye ratiba yetu kulikuwa na alama ndogo kando ya jina la Santorini iliyoonyesha kwamba hakuna gati, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza maana yake. Mama ana maumivu ya goti. Alisimama kwenye mlango wa ubavuni mwa meli, akaitazama ile mashua ikipanda na kushuka mbele ya miguu yake huku baharia akimnyooshea mkono, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nendeni, wanangu, mimi nitawatazama kutoka huku." Tulikwenda, na nusu ya muda wetu tuliumaliza kwenye foleni ya gari la kamba, kupanda na kushuka. Baadaye nilifahamu kwamba abiria walionunua matembezi ya kampuni walipelekwa bandari ya Athinios, ambako basi lilikuwa linawangoja. Hata hivyo, nao walipaswa kuingia kwenye mashua kwanza, kwa hiyo kwa mtu kama mama swali la kuuliza kabla ya kununua ni moja: ni vituo vingapi katika safari hii ambavyo meli inafunga gatini?

Kituo cha Mykonos hatukukiona kabisa. Julai na Agosti ni majira ya upepo mkali wa kaskazini katika Bahari ya Aegea, ule uitwao meltemi, na nahodha alitangaza asubuhi kwamba hawezi kuingia kwa usalama. Watu walikasirika sana mapokezini. Mimi naona nahodha alifanya kazi yake, na mkataba unaoambatana na tiketi humruhusu kubadili au kuruka kituo bila kampuni kulipa fidia. Tulichorudishiwa ni tozo za bandari ile. Kama kuna mahali pamoja ambapo moyo wako umepalenga, usipanunulie safari ya meli katika majira ya upepo. Vivyo hivyo, anayekwenda Karibea ajue kwamba msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba, na punguzo la bei la miezi hiyo lina sababu yake.

Katakolo, bandari ya kwendea Olympia ya kale, ndiko nilikoona tukio ambalo bado linanikaa moyoni. Ugiriki iko mbele ya Italia kwa saa moja, na usiku wa kuamkia siku ile meli ilisogeza saa zake. Tuliokuwa tumeweka simu katika hali ya ndegeni tulipaswa kuzibadilisha kwa mkono. Jioni, kamba zikiwa zinafunguliwa, tulimwona mhudumu akishuka na kumkabidhi mtu wa gatini bahasha. Dakika chache baadaye, meli ikiwa tayari imeachana na gati kwa mita kadhaa, gari lilisimama na watu wawili wakatoka mbio. Mwanamke alisimama mwisho wa gati, kofia mkononi, akitazama juu kwetu. Jirani yetu wa mezani, aliyewafahamu, alitueleza baadaye kwamba simu zao zilikuwa bado katika saa ya Italia. Walikuwa wamekodi gari wenyewe, na meli huwangoja au huwashughulikia wale tu waliotoka kwa matembezi ya kampuni. Wengine hujifikisha kituo kinachofuata kwa gharama zao. Sisemi kwamba kila mtu anunue matembezi ya kampuni, maana ni ghali na hujaa watu. Ninachosisitiza ni kuvaa saa ya mkononi iliyolinganishwa na saa ya meli, na kujiwekea muda wa kurudi unaotangulia ule uliotangazwa kwa saa moja na nusu.

Hali ya ndegeni yenyewe ni muhimu, kwani meli ikiwa katikati ya bahari simu hushika mtandao wa setilaiti wa melini, ambao hauhusiki na utaratibu wa Umoja wa Ulaya wa kupunguza gharama za simu. Katika ankara iliyosukumwa chini ya mlango usiku wa mwisho, hilo halikuwemo, ila yalikuwemo mengine: ada ya huduma kwa kila mtu kwa kila siku, vinywaji visivyokuwa sehemu ya bei, intaneti, na tozo ambayo Ugiriki ilianza kuwatoza abiria wa meli za kitalii Julai 2025. Hakuna hata moja lililokuwa la udanganyifu, na yote yalikuwa kwenye maelezo ya awali. Anayelinganisha kampuni mbili kwa bei ya tangazo pekee hajalinganisha chochote, kwa sababu moja huenda imejumuisha bakshishi na vinywaji na nyingine haijajumuisha hata maji ya chupa.

Zahanati ya meli ilimhudumia mama vizuri, na malipo yaliingizwa papo hapo kwenye ankara. Bima yetu ya safari ilitulipa baadaye kwa sababu tuliomba stakabadhi na maelezo ya daktari kabla ya kushuka. Bima ya kawaida ya afya ya nchini kwako mara nyingi haitambui zahanati za melini, na bima isiyogharamia kumwondoa mgonjwa melini kwa helikopta haifai kuchukuliwa kwa safari ya aina hii.

Mazoezi ya dharura yaliendeshwa kwa umakini, na kwa hili naipa kampuni alama zote. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 kufariki, mamia ya abiria waliopanda siku ileile walikuwa bado hawajafanya mazoezi hayo. Tangu wakati huo kanuni za kimataifa zimebadilishwa ili yafanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Niliwaona watu wakinung'unika kwamba wanacheleweshwa kwenda bwawani, na iliniuma kuwasikia.

Kotor, kituo chetu cha Montenegro, iliyafuta mengi. Meli iliingia katika ghuba kungali mapema, ikapita taratibu kwenye mlango mwembamba wa Verige, milima ikiwa karibu pande zote mbili, na kengele ya kanisa ikasikika kutoka ufukweni. Ratiba ilionyesha tu saa ya kufika gatini, wala haikutaja kwamba safari ya kuingia ni sehemu ya kituo chenyewe. Tuliijua kwa kumuuliza mhudumu usiku uliotangulia. Hapa meli ilifunga gatini, na mama alishuka kwa miguu yake, akatembea hadi lango la mji mkongwe, akakaa kwenye benchi la mawe kivulini kwa saa mbili. Kwa safari ijayo ameshaichagua ratiba yeye mwenyewe: vituo vinne, vyote vya gatini, mwezi wa Mei, na chumba cha katikati ya meli katika sitaha ya chini.