Shoo ya mafuriko pale Nyali, Mombasa: muziki nyota tano, hesabu nyota mbili

Muziki ulikuwa moto, hapo sina neno. Naongelea ile shoo ya kuchangia watu wa mafuriko Tana River, waandaaji siwataji lakini mlioenda mnajijua. Kiingilio kilikuwa 500 ama pakti mbili za unga za kilo mbili mbili, na mimi naona hiyo ya unga ndio ilikuwa akili zaidi manake ukifika geti kijana anaandika jina lako kwa kaunta buku, unga unapakiwa kwa lori ukiona, basi yamekwisha.

Kundi la taarab ndio lilifungua na wallahi wale wazee wa udi na fidla bado wako vizuri, saundi safi hata ganuni ulikuwa unaisikia ukiwa huko nyuma kabisa kwa viti vya plastiki. Sasa ikaja ile sehemu iliyonimaliza. Mnajua mambo ya taarab, wimbo ukikolea kina mama wanainuka kwenda kumtunza mwimbaji. Huyu dada kila noti aliyotunzwa, iwe mia ama elfu, anaitumbukiza kwa ndoo nyeupe iliyowekwa miguuni pake na haachi kuimba hata kidogo. Weee! Kina mama walivyoona vile wakapanga foleni, kuna mmoja alirudi na kurudi tena nadhani alikuwa anashindana na jirani yake, ubeti ukarudiwa mpaka mpiga dumbaki akawa anacheka. Mwisho ndoo ikahesabiwa palepale stejini, ikatangazwa kwa maiki.

Baadaye wakaja wasanii wa vijana na ndio mambo yakaanza kuharibika. MC anapiga kelele tumeni tumeni, namba iko kwa skrini, ukiingiza kwa M-Pesa jina linalotokea ni la mtu binafsi! Jamani, siku hizi hata kamati ya harusi ina paybill, ile namba ya M-Pesa ya shirika ama kikundi. Nikamuuliza mmoja aliyevaa beji akanambia "tutaposti hesabu". Mpaka leo ukurasa wao una picha za wasanii na video za droni tu. Sisemi wamekula, nasema hatujui.

Na hili si la kwetu peke yake. Ravi Shankar, yule mpiga sitar wa India, alimuomba rafiki yake George Harrison wa Beatles wasaidie wakimbizi wa Bangladesh, wakafanya shoo mbili siku moja, tarehe 1 Agosti 1971, Madison Square Garden New York, na watu walikuwa na hamu hiyo mpaka wakapiga makofi wakati Shankar na wenzake bado wanatengeneza nyuzi. Pesa za mlangoni, zaidi ya dola 243,000, zilienda UNICEF. Lakini za albamu na filamu, ambazo ndio zilikuwa nyingi, zikakwama miaka na miaka kwa watu wa kodi kwa sababu mambo ya usajili wa hisani hayakupangwa mapema. Na hapo hata hatusemi kuna aliyeiba! Karatasi tu. Wale wa USA for Africa 1985, wasanii wa Marekani walioimba "We Are the World" kuchangia watu wa njaa Afrika, mwimbaji Harry Belafonte ndio alianzisha wazo, wao walikuwa na shirika lao kabisa la kushika pesa, na wimbo mmoja, pamoja na albamu na bidhaa zake, ukaleta zaidi ya dola milioni 60. Sasa wasanii wetu wanakuja bure, wanatumia jina lao kutuita, halafu pesa zikipotea ni sura zao tutakazokumbuka, sio za waandaaji. Wangedai paybill ya shirika linalojulikana kabla hawajapanda steji.

Mengineyo: viazi karai na ukwaju vilikuwa poa, bei ya kawaida. Choo cha wanawake kimoja kwa umati wote ule, hiyo ni dharau. Tulioambiwa saa moja tulianza saa tatu, na wakati wa kurudi tuktuk za kwenda Kisauni zilikuwa zimepandisha mara mbili, kwa hivyo pangeni na mtu mapema.