Kitanda cha juu chenye meza chini: kizuri, ukimsimamia fundi

Chumba cha futi 10 kwa 10 cha kijana wa sekondari kinajaa haraka: kitanda, kabati, meza, basi. Ndiyo maana vitanda vya chuma vya juu, vyenye meza ya kusomea chini yake, vinaagizwa sana kwa mafundi wa kuchomelea. Nafasi kinaokoa kweli. Kinachokiharibu ni vipimo ambavyo mteja alimwachia fundi akadirie.

Pima dari kwanza. Futi 9 ni sentimita 274 hivi. Ukiacha 155 chini ya kitanda, fremu ikala 5 na godoro la inchi 4 likala 10, juu zinabaki 104, na kijana anakaa wima bila shida. Dari ya chini ya futi 8 na nusu, achana nacho. Chumba chenye pangaboi vilevile, mpaka ling'olewe ifungwe feni ya ukutani, kwa sababu aliyelala juu akiinua mkono tu anayafikia mapanga.

Godoro lisizidi inchi 4. Wengi hununua la inchi 8 wakidhani wanamfurahisha mtoto, kumbe wanaumeza ukingo wa kumzuia asianguke. Ukingo wa sentimita 30 kutoka kwenye chaga unabaki na 20 juu ya godoro jembamba, lakini 10 tu juu ya lile nene. Kanuni za Marekani zinadai angalau inchi 5, yaani karibu 13.

Meza ndiyo inayokosewa zaidi. Fundi huisukuma hadi ukutani, kiti kikabaki chini ya kitanda, na kijana akiinuka anagonga kichwa kwenye bomba. Kitanda cha futi 3 na nusu kina upana wa sentimita 107. Leta meza ya kina cha 60 mbele, ilingane na upande wa nje wa kitanda, kiti kikae nje kabisa. Nyuma zinabaki 47, rafu ya vitabu ya 30 inaingia bila kubanwa. Taa ya LED chini ya chaga ni lazima, maana hapo ni kivuli mchana kutwa.

Kwenye chuma, taka bomba la mraba la inchi moja na nusu, geji 16. Geji 18 ni nyembamba zaidi, na kwa urefu huo kitanda kinayumba kila mtu akijigeuza. Kikague kabla hakijapakwa rangi: kiungo kiwe kimechomelewa pande zote nne, si doti mbili zilizofunikwa kwa filla na kupigwa grenda. Kikishapakwa rangi huoni kitu. Sehemu za kufungua ziwe na bolti, la sivyo hakipiti mlangoni, na kila nati iwe na washa ya springi. Bila hiyo, nati zinalegea na kitanda kinaanza kulia. Miguu miwili ya nyuma ifungwe ukutani.

Ngazi za kawaida ni mbaya. Vidato vya bomba la duara vinaumiza nyayo. Agiza bapa, upana wa sentimita 8, ngazi yenyewe ilale kidogo badala ya kusimama wima. Fundi atalalamika kwamba inakula nafasi. Mwambie aiweke upande wa miguuni.