Fundi umeme aliyenitolea soketi kwenye sinki la bafuni, hapa Ilazo

Wanadodoma mnaojenga, huyu fundi niliyemtumia mwezi wa sita nampa nne kwa tano, na ntasema ile moja imeenda wapi.

Nyumba yetu fundi wa mwanzo aliweka soketi ya kawaida ya pini tatu bafuni, toka kwenye koki ya sinki haifiki hata viganja viwili, na swichi ya taa juu ya kioo humohumo. Nilivyomuuliza akasema mbona hotelini zipo. Basi juni si mnajua baridi ya huku, mdogo wangu ametoka kuoga maji ya moto, bafu zima mvuke, anachomeka pasi ya nywele na mikono mibichi, akapigwa shoti mpaka akaangukia mlango. Mkono ulikufa ganzi mpaka jioni, mimi usiku ule sikulala.

Huyu wa pili alianza kwenye boksi la breka. Akaniambia mama, hizi breka zinalinda waya usiungue, hazikulindi wewe, breka ya ampia 20 haina habari na umeme mdogo unaopita mwilini na huo mdogo ndo unaua. Akafunga RCD, yaani breka ya kulinda mtu, ya miliampia 30, umeme ukivuja inakata kabla hujamaliza kusema aah. Na za hotelini akanielewesha, zile ni za mashine ya kunyolea, zina transfoma yake ndani inayotenganisha na umeme wa nyumba na plagi ya pini tatu haiingii. Soketi ya kawaida kwa utaratibu wa Kiingereza tunaofuata inatakiwa mita 2.5 toka eneo la kuogea, sasa bafu langu lote halifiki mita 2.5, so akaihamishia chumbani pembeni ya kabati la kioo, na swichi ikatoka nje ya mlango. Alinipa na chaguo la swichi ya kamba ya darini ila mi nilitaka ya nje.

Kilichonigusa zaidi ni aithi, ule waya na nondo ya kupeleka umeme uliovuja ardhini. Ardhi yetu kiangazi inakuwa kavu kama tofali, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, akapima nondo iliyokuwepo akatikisa kichwa, akachimbia nyingine nyuma kwenye unyevu wa karo la kufulia akaziunganisha, akapima tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, alinionyesha kabla sijauliza.

Nyota iliyopungua: alichelewa masaa mawili bila kupiga simu, na kwenye kutindua marumaru mbili zikapasuka. Ufundi laki na themanini, vifaa nilinunua mwenyewe.

Kabla hajaondoka alimwita mdogo wangu abonyeze kile kitufe cha kujaribia cha RCD, nyumba nzima ikazima, akamwambia kila baada ya miezi kadhaa ubonyeze hivi, isipozima nipigie siku hiyohiyo. Marumaru kaahidi jumamosi.